Kompyuta Iliyokuwa Tayari

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana wino wa mihuri yake haujakauka, palikuwa na nchi iliyokuwa tayari. Tayari kwa nini, wananchi hawakuuliza, kwa sababu kuuliza kulichelewesha utayari. Bango kubwa mpakani liliwaambia wageni: KARIBUNI, TUKO TAYARI. Nyuma ya bango palikuwa na choo cha wageni kisicho na paa.

Miaka miwili kabla ya mambo haya, serikali ya nchi hiyo ilikaa na kugundua kinachowarudisha watu nyuma. Haikuwa barabara wala maji. Lilikuwa neno, na neno lenyewe ni "bado". Wataalamu walizunguka ofisi zote wakakuta dawa bado, daraja bado, walimu bado. Basi neno hilo likapigwa marufuku katika nyaraka na ofisi zote za umma, na kesho yake hapakuwa na kitu hata kimoja nchini ambacho bado. Gazeti la serikali liliandika kwamba hayo ndiyo maendeleo ya haraka kuliko yote duniani.

Majumbani watu waliendelea kulitumia neno hilo, kwa sauti ya chini, hasa wakiulizwa kama ugali umeiva.

Katika kijiji cha Magugwe cha nchi hiyo aliishi Bibi Sikudhani na mumewe, Mzee Ngwali. Mzee Ngwali alikuwa fundi cherehani. Nusu ya watoto wa Magugwe walikwenda shule wamevaa mishono yake, na mifuko ya kaptula aliishona mara mbili, kwa sababu aliwajua watoto na mawe yao. Kisha ukungu ukamwingia jicho la kushoto, na mwaka uliofuata ukahamia la kulia. Mtoto wa jicho, wakasema zahanati. Mzee akajifunza kushona kwa vidole. Jambo moja tu vidole havikuliweza, nalo ni kutunga uzi kwenye sindano. Kila asubuhi, chai ikishanywewa, alinyoosha mkono kuelekea pale alipojua mkewe amekaa, akauliza:

"Mama Chausiku, tayari?"

Bibi Sikudhani alilamba ncha ya uzi, akaupitisha tunduni, akaiweka sindano katika kiganja cha mumewe taratibu isimchome.

"Tayari, Baba Chausiku."

Hiyo ndiyo tayari pekee katika nchi nzima iliyokuwa na kitu ndani yake.

Sasa, madaktari wa macho walifika hospitali ya wilaya mara moja kila miaka mitatu, wakakaa siku tatu, wakaondoka. Mwaka huo wangefika Jumatatu. Mgonjwa wa kupasuliwa alitakiwa aje na barua ya rufaa kutoka zahanati yake, nayo iwe imetoka kwenye kompyuta. Barua ya mkono haikupokelewa, kwa kuwa mkono wa mtu hauna namba ya siri. Basi Jumanne ya wiki iliyotangulia, Bibi Sikudhani akajifunga kanga akaenda zahanati.

Karani wa zahanati alikuwa binti mmoja aitwaye Staimili. Alimwamkia shikamoo kabla Bibi hajavuka kizingiti, akampisha kwenye kiti chake chenye mto, yeye akakaa juu ya boksi la glavu. Bibi aliuona wema huo, lakini aliona pia kwamba binti anakwepa kumtazama.

"Nimefuata ile barua ya babu yako, mwanangu."

"Bibi, kompyuta imefungwa."

"Imekosa nini?"

"Haina kosa. Serikali imetangaza kompyuta zake zote zipandishwe daraja. Ule mfumo wa zamani, unaoiamsha kompyuta asubuhi na kuipangia kazi, unatolewa, unawekwa mpya. Lakini kwanza kila kompyuta ichunguzwe kama iko tayari kuupokea. Nyingine zimezeeka, zikibebeshwa mzigo mpya zitaanguka."

"Hilo ni jambo la huruma," akasema Bibi. "Hata punda huangaliwa mgongo kwanza."

"Ndiyo, Bibi. Sasa mpaka ichunguzwe, hairuhusiwi kufanya kazi. Hii wiki ya tatu."

"Na kuchunguzwa kwenyewe kukoje?"

Staimili akafunua kitambaa cha maua kilichofunika kioo. "Hapa pembeni kuna kitufe kimeandikwa Chunguza. Ukikibonyeza, inajichunguza yenyewe. Dakika kumi na moja tu, inakwambia kama iko tayari au ba..." Akajiziba mdomo, akatazama dirishani.

"Basi kibonyeze, mwanangu. Dakika kumi na moja nitasubiri, sina chungu kinachoungua."

"Hairuhusiwi, Bibi. Waraka unasema hakuna anayeweza kuwa shahidi wa nafsi yake. Inakuja Kamati."

Kamati ilifika Alhamisi, watu tisa katika magari mawili, na gari la tatu lililobeba kapeti. Iliongozwa na Mheshimiwa Makoleko, Mkurugenzi wa Utayari wa Taifa, mtu mnene mwenye sauti nzuri na kicheko cha ukarimu. Kijiji kizima kilikuja kutazama. Bibi Sikudhani alimleta mumewe kwa mkono, maana alifikiri mtu akiiona shida yenyewe imesimama mbele yake hataisahau.

Kamati ikafungua waraka wa masharti. Sharti la kwanza lilisema kompyuta iwe na nafasi ya kutosha. Wajumbe wawili wakatoa futi kamba wakapima chumba, ukuta hadi ukuta, wakatikisa vichwa. Nafasi haitoshi. Wakaamuru kitanda cha kujifungulia kitolewe nje, wakapima tena, nafasi ikatosha. Kwa bahati nzuri siku hiyo hapakuwa na mtu anayezaliwa.

"Samahani, Mheshimiwa," Staimili akasema kwa adabu, "nadhani waraka unamaanisha nafasi ya ndani ya kompyuta."

"Binti, sisi tumepima hadi ya nje," akasema Mheshimiwa Makoleko, wala hakukasirika. "Hatufanyi kazi nusunusu."

Sharti la pili, iwe na kumbukumbu ya kutosha. Wajumbe wakatazama ukutani wakaona picha moja tu ya Mkuu wa Nchi. Kumbukumbu kidogo hiyo. Wakaleta nyingine tatu kutoka garini wakazitundika kuizunguka kompyuta, na kila mtu akakubali kwamba sasa haiwezi kusahau. Sharti la tatu lilikuwa kasi. Mjumbe wa kasi aliitazama kompyuta muda mrefu, mkono kidevuni, kisha akaandika: "Imetulia, lakini ina nia." Walipofika sharti la umeme, umeme ukakatika. Mjumbe wa umeme akatoka nje, akarudi, akaandika: "Nguzo ipo."

Bibi Sikudhani hakuwa mtu wa kuwaingilia wakubwa, lakini Jumatatu ilikuwa siku nne tu mbele. Akasogea.

"Mheshimiwa mwanangu, na kile kitufe?"

"Kitufe gani, mama yangu?"

"Cha pembeni. Kinachoichunguza."

Mheshimiwa akacheka, kamati nzima ikacheka naye. "Mama yangu, kitufe ni cha watu wasiokuwa na kamati!"

Lakini alikuwa mtu mwema, hilo Bibi hakulikana hata baadaye. Alimshika Mzee Ngwali mkono, akamketisha kivulini kwenye kiti cha mgeni rasmi, akamsikiliza habari ya macho yake yote, ya kushoto na ya kulia. Mzee, kwa mazoea ya kazi, vidole vyake vikatambaa kwenye mkono wa koti la Mheshimiwa, vikasimama.

"Kifungo chako kinaning'inia, mwanangu. Utakidondosha njiani."

"Hebu ngoja... ni kweli, mzee!"

"Mama Chausiku, tayari?"

Bibi alitembea na sindano kwenye ncha ya kanga kama wengine wanavyotembea na ugoro. Akatunga uzi. Siku hiyo ilimchukua mara mbili tatu, akalaumu jua. Mzee akakishona kifungo pale pale, akakata uzi kwa jino. Mheshimiwa akaguswa sana, akakigeuzageuza kifungo, akasema, "Mzee wangu, jambo lako nimelibeba mimi mwenyewe."

Na kweli alilibeba, kwa sababu halikuonekana tena Magugwe.

Kabla ya kuondoka alihutubia. "Ndugu wananchi! Kompyuta hii ilikuwa tayari kabla hatujaja. Sisi tumekuja kuitayarisha iwe tayari zaidi! Wapo wanaouliza, utayari huu ni wa lini? Nawajibu, ni wa sasa, na ule uliopita, na ule unaokuja! Kompyuta oyee!"

"Oyee!"

Cheti kikagongwa mhuri. Kiliandikwa: ZAHANATI YA MAGUGWE. MFUMO MPYA: TAYARI. Ile kapeti ikakunjwa ikarudi garini, kitanda cha kujifungulia kikabaki nje. Kitufe hakikubonyezwa. Kifungo kilishonwa.

Ijumaa asubuhi Bibi Sikudhani alifika zahanati kabla ya wagonjwa. Alimkuta Staimili amesimama mbele ya kompyuta mikono kichwani. Kioo kilikuwa kinawaka, kimeandikwa: HONGERA! KOMPYUTA HII TAYARI. Hakukuwa na kitu kingine. Staimili alibonyeza hiki, akabonyeza kile, na kompyuta ikaendelea kujipongeza.

Ikabidi apige simu Idara ya Kupandisha Daraja. Mtandao ulishika mahali pamoja tu, nyuma ya jiko la zahanati, juu ya benchi. Staimili akapanda, Bibi akashika miguu ya benchi lisiyumbe, na kwa kuwa simu ilikuwa ya sauti kubwa, aliyasikia yote.

"Magugwe, Magugwe..." ilisema sauti ya kaka mmoja mpole. "Naam, nimeiona. Hongereni. Nyinyi tayari."

"Ndiyo, kaka, iko tayari. Sasa mfumo wenyewe mtaweka lini?"

"Tuweke tena? Imeandikwa tayari."

"Tayari kuwekewa, kaka."

"Mfumo mpya, nukta mbili, tayari. Kwa hiyo umewekwa. Na wa zamani tumeuzima jana saa kumi, hatuwezi kuwaachia mifumo miwili, hiyo ni anasa."

"Mpya haujawekwa! Kompyuta ni tupu!"

"Dada, taratibu. Hiyo 'hauja' uliyoisema, unajua ni nini? Ni lile neno limejitanda ushungi. Haya mazungumzo yanarekodiwa."

Staimili akavuta pumzi. "Naomba nikuulize kwa njia nyingine. Kitu kikiwa tayari kufanyiwa, na kitu kikiwa kimefanyiwa tayari, nyinyi huko mnavitofautishaje?"

Yule kaka akasema, na sauti yake ilikuwa ya huzuni ya kweli, "Zamani kulikuwa na safu mbili kwenye daftari, dada. Ya tayari na ile nyingine. Ile nyingine ilifutwa. Mimi kama binadamu nakuelewa kabisa. Mama yangu mwenyewe ni tayari tangu mwezi wa tatu, na bomba lake halitoi tone."

"Basi tufanyeje?"

"Ningekuwa nyinyi ningepiga simu hospitali moja kwa moja. Kuna muuguzi pale anaitwa Pelagia. Ana moyo."

Bibi Sikudhani akaomba amshukuru kutoka pale chini. Akamshukuru, akamwombea na mama yake.

Muuguzi Pelagia kweli alikuwa na moyo. Aliposikia habari ya barua akasema barua aiache, yeye atamwandikisha Mzee kwa simu, na mtu akimuuliza atajibu yeye. Bibi machozi yakamlengalenga. Staimili akaishikilia simu juu, Bibi akajibu kutoka chini.

"Jina la mgonjwa, Bibi?"

"Ngwali Shekuwe, mwanangu."

"Ana nini?"

"Mtoto wa jicho. Macho yote mawili."

"Watoto wawili. Haya. Na upasuaji je?"

"Tayari, mwanangu!" Bibi alisema kwa furaha, karibu apige kelele. "Tayari kabisa! Tayari tangu zamani!"

"Sawa Bibi, nimeandika. Njooni."

Dereva wa lori la mchanga aliwachukua Jumatatu alfajiri, akamketisha Mzee mbele, akakataa hata kusikia habari ya nauli. Hospitali ilikuwa imejaa. Walikaa Jumatatu yote kwenye benchi, na Jumanne yote. Mama mmoja asiyewajua aliwagawia viazi. Mzee Ngwali aliyashika mashati ya vijana waliokaa jirani naye, akawaambia yapi yatawahi kuchanika kwapani. Jumatano alasiri, siku ya mwisho, jina lake likaitwa, na Bibi akamwongoza ndani, akihesabu ngazi kwa sauti.

Muuguzi Pelagia alifungua daftari, akasoma, uso wake ukachanua.

"Ngwali Shekuwe! Upasuaji: tayari. Tena tangu zamani. Daktari, huyu ni mgonjwa wetu aliyekwisha kupona! Miaka yote hii hakuna aliyerudi kushukuru, huyu wa kwanza!"

Watu wakapiga makofi. Chai ikaletwa, na kipande cha mkate.

"Si hivyo, mwanangu," Bibi alisema. "Mimi nilisema yuko tayari."

"Ndivyo nilivyoandika, Bibi. Tayari."

"Tayari kupasuliwa! Alikuwa anangoja. Mpaka leo anangoja. Macho yake ba..."

Pelagia akamwekea kiganja mdomoni, polepole, kama mtu anayemfuta mtoto uji. "Bibi yangu, mkaguzi wa maneno yuko mlangoni," akanong'ona. "Tutakosa wote, mimi na wewe."

Daktari alikuwa kijana, na kope zake zilikuwa nzito kwa kazi ya siku tatu. Akainama, akawasha tochi, akatazama jicho la kulia, akatazama la kushoto.

"Ninamwona," akasema taratibu. "Mtoto wa jicho yumo, tena mkubwa. Namwona kama ninavyokuona wewe, Bibi."

"Basi mtoe, mwanangu."

"Orodha inasema alitolewa. Kila mkasi niliopewa umeandikiwa jina la mtu. Jina la babu halina mkasi. Nikilifuta, lazima niandike sababu, na sababu yenyewe ina neno moja tu linaloifaa." Akaizima tochi. "Ningekuwa na kalamu nyingine, nchi nyingine..."

Bibi Sikudhani alitaka kukasirika, akatafuta wa kumkasirikia. Alimtazama Pelagia, ambaye alikuwa analia. Akamtazama daktari. Akamkumbuka yule kaka wa kwenye simu, na Staimili juu ya benchi, hata Mheshimiwa na kicheko chake. Wote walikuwa wamemshika mkono. Hakuna mlango hata mmoja aliofungiwa kwa kishindo, na bado alikuwa nje.

Aliyesema ni Mzee. "Daktari, mkono wako wa baridi. Umekula leo?"

"Nitakula, babu."

"Kula mkate huu. Mimi nimekunywa chai, inanitosha."

Daktari akatoa mfukoni miwani yake ya jua, akamvisha. Pelagia akamletea cheti cha mgonjwa aliyepona, kwa kuwa kilikuwa kimekwisha kuandikwa na kisipotolewa kingeulizwa. Saa kumi kamili magari ya madaktari yakaondoka, na yangerudi baada ya miaka mitatu.

Wiki hiyo hiyo, Staimili alikuja nyumbani kwa Bibi Sikudhani akiwa na kilo ya sukari na habari ya kusimulia. Alikaa jikoni, akazungumza kwa sauti ya chini.

"Bibi, jana nilikuwa peke yangu. Kile kitufe kingali pale pembeni, hakuna aliyekumbuka kukitoa. Nikakibonyeza."

"Haa! Ikawaje?"

"Nilihesabu, dakika kumi na moja kamili. Ikajichunguza ndani kote, nafasi yake, kumbukumbu zake, kasi yake. Kisha hongera zote zikafutika, ikaandika neno moja."

"Neno gani?"

Staimili akamsogelea sikioni. "Bado."

Bibi akashika kifua. "Yenyewe? Kwa mdomo wake?"

"Yenyewe. Nadhani waraka haukuwa umeifikia. Nikaifunika kitambaa haraka, mtu asije akaona."

Wakatazamana, kisha wakacheka, wakicheka na kujiziba midomo kwa kanga, mpaka Mzee akauliza kutoka ukumbini kuna nini.

Asubuhi iliyofuata chai ikanywewa. Mzee Ngwali alikaa kwenye cherehani amevaa miwani ya daktari, mapajani kaptula ya mtoto wa jirani iliyotoboka mfuko. Juu yake, ukutani, cheti cha kupona kilikuwa kimetundikwa, kwa sababu msumari ulikuwepo. Akanyoosha mkono.

"Mama Chausiku, tayari?"

Bibi Sikudhani alilamba ncha ya uzi, akaupeleka tunduni, ukapita pembeni. Akaulamba tena. Akasogea mlangoni penye mwanga zaidi, akaiinua sindano juu dhidi ya mbingu. Tundu lilikuwa na ukungu kidogo. Akalifuta kwa kanga. Akafuta na macho, la kushoto kwanza. Ukungu ukabaki pale pale.

Mkono wa mumewe ulikuwa ungali umenyooka, kiganja wazi, haumharakishi.

Akatazama nje, barabarani hapakuwa na mtu.

"Bado, Baba Chausiku," akasema. "Bado."